Sauti Ilisema Futa

Waberi, Garissa
Alhamisi, 4 Septemba 2025

...na tena, Jabar wangu, kabla hujanicheka kama ulivyokuwa ukinicheka mtandao ulipokatika, ujue kwamba ile taa yetu ya mchezoni sikuitia kwenye sanduku la taa. Niliitundika peke yake juu ya mlango wa ghala. Taa ambayo mume wa mtu ameipeleka kwenye fuawe akaiandika jina "Ingia, Sagal" haiwezi kulala na taa za barabarani. Simu ilikufa kabla sijamaliza hoja yangu, kwa hiyo nimeimalizia hapa.

Nasikia mnara wa simu wa huko Elwak bado umelala. Basi barua hii nimempa Noordin aibebe kwenye lori lake, juu ya magunia ya sukari. Amecheka kweli. "Bibi harusi, siku hizi bado watu wanaandikiana barua?" Nikamwambia, "Wewe endesha." Na mimi mwenyewe nacheka, kwamba kutwa tunaongea Kisomali, halafu tukishika kalamu tunaandikiana Kiswahili kama watoto wa bweni. Lakini Kisomali cha kuandika nani alitufundisha?

Foronya yako sijaifua tangu uende kununua mbuzi. Usimwambie mtu.

Sasa nisikilize. Unaikumbuka wiki yetu ya kwanza, tulivyokaa mkekani na kompyuta magotini, tukipanga ghala la mji wetu ndani ya mchezo? Wengine wakioana huenda Mombasa kuangalia bahari. Sisi tulichambua masanduku. Wewe ulitaka kila kitu kwa herufi, almasi, asali, boriti, kama rejista ya darasa. Mimi nikasema vitu vinavyofanya kazi pamoja vilale pamoja. Mbegu, jembe na ndoo. Vyuma, makaa na tanuri. Na zile nyongeza ambazo Guleid, msimamizi wa mchezo, ametia, hina, ubani na kitambaa chekundu, nikazipa sanduku moja, kwa sababu hizo ni za harusi. Tulibishana mpaka chai ya maziwa ya ngamia ikapoa, halafu ukainua mikono ukasema, "Ghala ni lako, macaanto, mtamu wangu, mimi ni mchukuzi tu." Jabar, siku hiyo ningeweza kukuoa mara ya pili.

Na lile sanduku la ndani kabisa. Vitu vyote ulivyonipa tangu uchumba, kila kimoja na jina lake ulilokiandika mwenyewe. Fimbo inayoitwa "Nilikuona Sokoni Ukanikunjia Uso." Ndoo inayoitwa "Baba Yako Amekubali." Ua linaloitwa "Pumua, Abdijabar, Pumua." Wasichana wengine wana dhahabu. Mimi nina ndoo, na sibadilishi.

Nilikuwa nayo, niseme.

Jana nimerudi kutoka kwa mama, Masalani. Sikuvua hata viatu, nikawasha kompyuta, nikaingia mjini kwetu. Masanduku yapo, vibao vyake vipo, mashine ya kuchambua inazunguka, na haina cha kuchambua. Tupu. Nilifungua moja, nikafungua jingine, nikakimbilia la ndani. Tupu, Jabar. Hata ndoo hakuna. Hata taa ya mlangoni hakuna, pamebaki msumari.

Sikulia. Nililia baadaye. Kwanza niliapa.

Aliyefanya hivi nitamjua, na nikimjua nitamchambua kama mchele, kokoto upande huu na chuya upande huu, mpaka abaki sinia tupu kama mimi. Na wenye ruhusa ya kuingia ghalani ni watatu tu, wewe, mimi na dada yako Samsam. Katika nyumba hii wifi ya mtandao hukatika kila jioni, lakini wifi mwenyewe hakatiki. Asubuhi amenitazama akatabasamu, akaniambia, "Umerudi? Pole na safari." Kwa nini anipe pole kabla sijamwambia chochote?

Nijibu haraka. Noordin anarudi na ngozi, atabeba na barua.

Mkeo anayekupenda hadi kwenye kucha,
Sagal


Waberi
Jumamosi, 6 Septemba

Abdijabar,

Sitakuita jina jingine leo.

Tulikuwa tunakula, mimi, Hooyo mama yako na Samsam. Nikauliza mbele ya mama yako, "Nani aliingia ghalani nikiwa Masalani?" Samsam akaramba vidole vyake polepole, akasema, "Mimi." Nikamwuliza, "Nani alikutuma?" Akafuta mikono, akachukua simu yake, akaiweka katikati ya sinia, juu ya wali, akabonyeza.

Ikatoka sauti yako. Hiyo hiyo ninayoisikia ndotoni.

"Samsam, walaal, dada yangu, Sagal bado hajarudi. Ingia ghalani kwangu, futa kila kitu. Futa vyote, usiache hata kimoja. Nataka akirudi akute pasafi."

Hooyo aliacha kutafuna. Samsam akaniambia, kwa huruma kama ya muuguzi, "Unaona, wifi? Mimi ni mtu wa kutumwa. Aliyechoka na takataka ni mwenyewe."

Takataka. Alisema takataka, na mama yako akasikia, na jirani aliyekuwa mlangoni na bakuli lake akasikia. Jioni nilipotoka kununua maziwa, mtu alisema nyuma yangu, "Huyo ndiye ambaye mumewe amemfutia."

Mwezi wa tatu wa ndoa, Abdijabar. Kama ulichoka, ungeniambia kwenye simu. Ulikuwa na muda wa kunicheka.

Usidhani nitarudi kwa baba nikajifungie. Nilikuwa nikitafuta adui mmoja, na sasa nina wawili. Nitaanza na aliye karibu, halafu wewe ukishuka na mbuzi wako utanikuta nakungoja. Foronya nimeifua. Kwa sabuni ya unga.

Sagal Barre


Elwak
Jumanne, 9 Septemba

Macaanto, roho yangu, usinifulie chochote kingine kabla hujasoma hapa.

Barua zako mbili zimenifikia pamoja, kwa sababu lori la Noordin liliharibika Wajir na ya pili ikaikuta ya kwanza njiani. Nilifungua ile ya mapenzi kwanza. Nikaenda kununua soda kwa furaha. Kisha nikafungua ya pili, na soda sijaimaliza hadi sasa.

Sagal, nilisema VUTA.

Tazama hapa, naandika tena. V-U-T-A. Siku ile kabla ya kuondoka nilitoa vitu vyote vilivyokuwa kwenye nyumba yangu ya zamani mle mchezoni, ile ya kabla ya ndoa, nikavirundika uani mbele ya ghala. Nilitaka ukirudi ukute vimeingia kwenye masanduku yako, vimepangwa kwa mpango wako, uani pasafi. Ilikuwa zawadi. Muda ukaniishia, nikamwachia Samsam. Unakijua kile kitufe kwenye mashine ya kuchambua, Guleid alichokitafsiri kwa Kiswahili akatamba mji mzima? Ukikibonyeza, kila kilichotapakaa nje kinavutwa ndani. VUTA. Na chini yake kuna kingine, FUTA, kinachomaliza kila kilicho ndani na nje.

Unajua mdomo wangu. Ni mdomo wa watu wote wa kwetu. Kwenye karatasi naandika kama mwalimu, lakini nikifungua kinywa v yangu inakwenda kulala na f. Sikufikiri. Nani hufikiri juu ya herufi akiwa na haraka ya kuwahi gari?

Kwa hiyo kosa ni la ulimi wangu. Samsam usimguse. Alisikia futa, akafuta. Nikirudi nitakutengenezea fimbo nyingine, na ndoo nyingine, na majina mengine bora zaidi.

Huku upepo una vumbi jekundu, linaingia hadi kwenye chai. Mbuzi wa Elwak ni wakorofi, wanapanda juu ya magari. Kuna mmoja mwenye uso kama wako ukiwa umenuna. Sijamnunua, nimeogopa kumweka na wengine.

Nipende tena, tafadhali. Hata kidogo.

Abdijabar wako


Waberi
Jumamosi, 13 Septemba

Jabar! Jabar wa roho!

Nimeibusu hiyo V. Nimeibusu hadi wino umenipaka mdomoni, na Hooyo ameniuliza kama nimekula zambarau. Ulitaka kunipa zawadi! Ulitoa nyumba yako yote ya ujana ukairundika mlangoni kwangu! Foronya nimeilaza juani pamoja na shati lako moja ili ishike harufu tena. Nakupenda sana, nimekusamehe, na ningekuwa na mabawa ningekuwa Elwak saa hii nikipanda juu ya magari na hao mbuzi.

Lakini hapo uliposema Samsam nisimguse, nimesoma nikapita.

Eti "alisikia futa, akafuta." Mume wangu, wewe ni mwema mpaka inaudhi. Samsam amekulea. Kila asubuhi ya maisha yako umepiga kelele, "Samsam, fiatu fyangu fiko wapi?" na hajawahi hata siku moja kukuuliza fiatu ni nini. Alikuletea viatu. Unamwambia mfua inakuja, anaanua nguo. Na yeye mwenyewe anasema hivyo hivyo! Mimi pia, nikiwa kisimani nafuta maji. Hakuna mtu Garissa nzima anayejua mdomo wako kuliko yeye, halafu siku hiyo moja tu akageuka Mswahili wa Lamu, herufi kwa herufi?

Alijua. Alisimama mbele ya vitufe viwili akijua unataka kipi, akabonyeza kile kingine, kisha akajificha nyuma ya ulimi wako. Hilo ndilo silisamehi.

Basi nikasema vizuri. Kama ni herufi, tuendeane kwa herufi.

Unajua mashine zote za mjini zimeunganishwa kwenye mrija mmoja mkuu. Na unajua kwamba tangu Guleid atie nyongeza mpya, mashine hazitambui tena picha ya kitu, zinasoma neno lililo kwenye kibao cha sanduku, na kitu kikikosa kibao chake mji mzima hubaki kwa mwenyewe. Samsam ana shamba la pamba kando ya mto, na tangu Ramadhani anaivuna ajenge lile hema lake kubwa analojigamba nalo. Juzi nikapita ghalani kwake kumsalimia. Nikatazama vibao vyake. Jabar, ameandika kama anavyotamka. Sanduku la pamba lina kibao "Bamba". Sanduku la vyuma lina kibao "Fyuma".

Nikarudi ghalani kwetu kwenye masanduku matupu, nikaandika vibao viwili kwa mwandiko wa kufaulu mtihani. "Pamba." "Vyuma." Nikaunganisha kwenye mrija mkuu. Nikaenda kupika.

Mashine haijui lafudhi ya mtu. Pamba yake ilifika kwenye sanduku lake, ikasoma "Bamba", ikaona si kwao, ikazunguka mji mzima ikitafuta jina lake. Na ikalipata kwangu. Mavuno yote, Jabar! Nilikuwa nasonga ugali nikisikia kompyuta inalia tik, tik, tik, kitu kikiingia, na kila tik nasema alhamdulillahi.

Alikuja mlangoni bila hata salamu. "Sagal! Bamba yangu iko wapi?"

"Bamba? Bamba lako sijaliona, wifi. Kuna mtu amekuibia mabati?"

"Usinichezee. Bamba! Ya kujenga hema!"

"Aaa, pamba. Hiyo iko kwangu, imekuja yenyewe. Wewe umesema bamba, mashine ikatafuta bamba. Mimi ni mtu wa kutumwa tu."

Ungeuona uso wake. Ningeupeleka kwenye fuawe nikauandika jina.

Kuna jambo moja zito, lisome kwa makini. Guleid ana nakala ya ghala letu kama lilivyokuwa kabla ya kufutwa. Ndoo, fimbo, ua, kila kitu kimo. Anaweza kuvirudisha kwa dakika moja. Lakini mwezi ukiisha anatengeneza nakala mpya, na hii ya zamani inaondoka, na hapo basi. Nikampelekea barua yako yenye V. Akaisoma, akakuna kichwa. "Dada, huu ni ugomvi wa wifi na wifi, mimi nina watoto. Samsam ameniambia mwenye ghala aliamuru, na sauti nimeisikia. Mama yenu akisema nirudishe, narudisha." Kwa hiyo sasa ni Hooyo. Na Hooyo bado ananitazama kama mtu ambaye mumewe amemfutia.

Mwambie dada yako ajiandae. Na vyuma viko njiani.

Mkeo, mwenye wino mdomoni,
Sagal


Garissa, 16/9

Kwa ndugu yangu Abdijabar,

Assalaam aleikum. Hooyo mzima, mimi nimefura kwa hasira tu. Barua ya kuandika sijazoea, lakini mke wako anakuandikia kila siku, na mimi sitaki usikie ubande mmoja.

Mke wako amenichukulia bamba yangu yote. Na fyuma. Anasema imeenda yenyewe. Kitu inaendaje yenyewe? Mwambie arudishe, hema langu limesimama nusu kama ngamia aliyebigwa na jua.

Utaniuliza kwa nini nilifuta. Sauti yako ilisema hifyo, na sauti ninayo. Mtu akitaka kujua zaidi aulize, na mimi nitauliza langu. Hilo ghala kabla ya harusi nani alilibanga? Wewe ulikuwa Isiolo kwa kazi, mimi nikakaa hapa nikibanga kila sanduku, mbaka Guleid akaleta watu waje kuangalia. Fitu fya mfua ubande huu, fitu fya jua ubande huu, kama Hooyo anafyobanga nyumba ya kuhama. Uliniambia ni fizuri. Kisha bibi harusi akaingia, mkono bado una hina, na siku hiyo hiyo akafunja yote. Hakuniuliza. Hata neno moja hakuniuliza. Nilifungua nikakuta hina imelala na kitambaa.

Alikwambia hilo? Kama hakukwambia, muulize.

Na ukirudi usiniletee zawadi, niletee bamba.

Dada yako,
Samsam


Elwak
Ijumaa, 19 Septemba

Macaanto,

Nimepata barua ya Samsam. Mara ya kwanza maishani mwake kuniandikia, na imejaa.

Hukuniambia kwamba hukuongea naye kuhusu lile ghala. Nilijua alilipanga, lakini nilidhani mlikaa pamoja mkakubaliana, kwa sababu tulipokaa mkekani uliniambia, "Tunaliweka sawa tu." Sikujua kwamba ulibomoa bila kumwuliza. Alikaa na kazi ile wakati mimi sipo.

Sikulaumu. Nakuomba mrudishie pamba, naye ataona haya, na mambo yatakwisha. Mimi niko hapa na mbuzi wanaoniheshimu kuliko dada yangu na mke wangu. Alio, mwenyeji wangu, ameniuliza kwa nini natabasamu nikisoma barua na kisha nashika kichwa. Nimemwambia ni familia.

Kuhusu Guleid na mwezi kuisha, nimekosa usingizi. Nitakuja mwenyewe? Mnunuzi amechelewa, siwezi kuwaacha wanyama. Kama mnara ungefufuka ningempigia Hooyo. Lakini nitamwambia nini? "Hooyo, nilisema futa, sikusema futa"?

Nakukumbuka. Kila kitu cha huku kinahitaji sauti yako ukikilalamikia.

Abdijabar wako


Waberi
Jumanne, 23 Septemba

Jabar wangu,

Umeniomba nimrudishie pamba. Kwa upole, kwa mwandiko mzuri, mpaka nikasikia joto shingoni. Jibu ni hapana, nakupenda.

Ndiyo, nililipanga upya bila kumwuliza. Ni ghala la mume wangu, nimeolewa pamoja na ufunguo wake, niombe ruhusa kwa nani? Vitu vya mvua upande huu na vitu vya jua upande huu! Ndani ya mchezo ambao haunyeshi mpaka Guleid abonyeze! Lakini vyake, mimi nilivihamisha. Sikupoteza hata punje. Yeye alivimaliza. Kuhamisha ni jambo moja na kumaliza ni jambo jingine, na nikifika mbele yako nitakwambia hivyo hivyo huku nimekushika mkono.

Ndiyo, nimesema nikifika. Tulia, nakueleza kwa mpangilio.

Jumapili nilimpelekea Hooyo barua yako yenye V nikamwomba amruhusu Guleid. Samsam akaruka, naye akaleta simu yake. Hooyo akatukalisha mkekani, mmoja huku, mmoja huku, kompyuta katikati. Akasema, "Nionyesheni hivyo vitufe vinavyonivunjia nyumba." Nikamwonyesha. Akamwambia Samsam, "Soma cha juu."

Samsam akasoma, "Futa."

"Soma cha chini."

"Futa."

Hooyo akanigeukia. "Sasa kwa nini wametengeneza viwili?"

Nikasema, "Hooyo, acha mimi nisome." Nikauma mdomo wa chini kama tulivyofundishwa shuleni, nikavuta pumzi, nikasema, "Vvvuta."

Hooyo akanishika mgongo. "Umepaliwa? Mletee maji."

Jabar, Samsam alicheka mpaka akajilaza, na Hooyo akacheka mpaka shaashi yake ya kichwani ikaanguka, na Mungu anisamehe, nilichukia kwamba na mimi nilicheka.

Nikasema, basi barua, barua inaonyesha herufi. Hooyo akaigeuza geuza. "Hii kaiandika lini?"

"Baada ya mimi kumwandikia."

"Mwanamume yeyote huandika vizuri mkewe akishalia. Mimi nataka alichokusudia kabla hujalia." Halafu akamgeukia Samsam, na kicheko kikamtoka usoni. "Na wewe. Umesoma majina mawili, yote yametoka sawa. Ulijuaje ubonyeze cha chini?"

Samsam akaanza kuchuna nyuzi za mkeka.

Hapo, Jabar. Hapo ndipo nilipopata mavuno yangu. Pamba yote ile haikunipa utamu wa dakika hiyo.

Lakini Hooyo hakumaliza. Alisema tumemchosha wote wawili, kwamba nyumba yake haitakaa ikisikiliza tik tik ya vitu visivyoliwa, na kwamba kama tunataka kujua wewe ulikusudia nini basi twende tukakusumbue wewe. Twende wote wawili. Samsam akushuhudie kwa macho yake, kisha apige simu akifika penye mtandao, na neno atakalosema ndilo Guleid atakalofuata. "Wewe atakudanganya," Hooyo akaniambia mbele yake, "lakini mimi hajawahi kunidanganya." Pamba na vyuma vibaki kwangu mpaka siku hiyo.

Samsam alilia kwamba gari linamtapisha. Alisema hana nguo za safari. Alisema yuko tayari kuacha pamba. Hapana! Nilimpakia begi lake mwenyewe. Nimelipanga kwa kazi, vinavyotumika pamoja vimelala pamoja, na sitaki kusikia neno.

Tutapanda basi mpaka Wajir, halafu Noordin atatuchukua kwenye lori lake, pamoja na mkewe aliyempeleka huko. Kiti cha dirishani ni changu, nimeshakilipia kwa maneno. Samsam atabeba mkebe wa nyama ya nyirinyiri ambao Hooyo amekukaangia, magotini, njia nzima, na harufu yake ikimjia nami nikimsimulia. Nitamsimulia kila kitu. Ulivyonikunjia uso sokoni, au mimi ndiye niliyekunja, ulivyomwogopa baba, ulivyosahau kupumua. Atasikia jina la kila kitu alichokifuta, moja baada ya jingine, kutoka Garissa hadi mpakani, na hana pa kushuka.

Sasa wewe, sikiliza maagizo. Tukifika usiseme neno lolote lenye v. Ikiwezekana usiseme neno kabisa, kwa sababu ukifungua mdomo utatuharibia kesi. Nitaiwasha kompyuta, picha ya vitufe nimeihifadhi mtandao usitusumbue, nitaiweka mbele yako na mbele yake, nawe utanyoosha kidole chako, hicho chenye kovu, uguse kitufe ulichokikusudia. Ukishagusa, nyamaza, mtazame yeye tu. Mimi nitakuwa natazama pia.

Halafu yeye atarudi na lori, juu ya ngozi za mbuzi, na ujumbe wa kumpa Hooyo. Mimi nitabaki. Mwambie Alio atafute mkeka wa pili, au asitafute.

Oga. Vaa lile shati jeupe la harusi, hata kama vumbi litalila. Simama mbele ya lango, mahali ambapo Samsam akishuka na mkebe wake ataona vizuri jinsi mume anavyompokea mke aliyefutiwa. Tunakuja, mpenzi wangu, mimi na dada yako, kabla mwezi huu haujaisha.

Mkeo,
Sagal